Shajara ya mradi: nodi ya Bitcoin ya mazoezi hapa Moshi na sanduku la kikoba lenye kufuli tatu

Naandika hii ili mwingine akitaka kufanya asianzie sifuri kama nilivyoanzia mimi. Ninachojenga ni nodi ya Bitcoin (programu inayotunza na kuhakiki kumbukumbu za miamala ya sarafu hiyo ya kidijitali) inayokimbia kwenye kompyuta yangu peke yake, mtandao wangu mwenyewe, sarafu za mazoezi zisizo na thamani hata ya senti, halafu juu yake pochi (sehemu ya kutunza funguo na kutazama salio) inayofanya kazi kama sanduku la kikoba. Kila hatua ikiisha ntaongeza hapa.

Kwa nini sanduku. Kikoba cha mama pale Majengo wanatunza hela kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo wanazo akina mama watatu tofauti na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Ni utaratibu mzuri mno, miaka yote haijapotea hata mia. Ila mwaka jana mshika ufunguo mmoja alienda msibani Rombo akakaa wiki nzima, na wiki hiyohiyo mwanachama mwenzao mtoto kalazwa anahitaji mkopo wa dharura, sanduku likawa halifunguki, ikabidi wachangishane mkononi. Tangu siku ile nikawa nawaza kufuli tatu ambazo funguo mbili zinatosha, yeyote kati ya watatu akisafiri mambo yanaenda lakini mmoja peke yake hawezi kitu. Bitcoin hilo jambo limo ndani yake tayari, halihitaji programu ya pembeni.

Niweke wazi mapema, hela za akina mama siingizi humu. Benki Kuu ilishatoa tangazo Novemba 2019 kwamba fedha halali nchini ni shilingi, na mimi hapa najifunza kuandika programu tu. Ndio maana natumia regtest, yaani ile hali ya Bitcoin Core (programu yenyewe ya nodi) ambapo mtandao mzima ni wewe, bloku (fungu la miamala) unachimba, yaani unaitengeneza, kwa amri moja muda wowote unaotaka.

Jumamosi, 8 Machi 2025: mashine

Desktop ya mtumba nilikuwa nayo, RAM GB 4. Nimeongeza SSD ya GB 240 kwa 70,000, nimepiga Ubuntu, hapo hamna cha kusimulia.

Nimedanlodi Bitcoin Core 28.1, haifiki MB 100. Usiifungue kabla hujaihakiki, unachukua na faili la SHA256SUMS (orodha ya alama za uhakiki za mafaili) unaweka folda moja halafu:

sha256sum --ignore-missing --check SHA256SUMS

Mara ya kwanza ilinijibu FAILED, moyo ukashtuka nikadhani nimechukua kitu kilichochezewa, kumbe hotspoti ya simu ilikatika katikati na faili halikufika lote. Nikarudia na wget -c likamaliziwa, ikasema OK. Halafu hakiki pia sahihi za wale waliolitia saini hilo faili la SHA256SUMS kwa gpg (programu ya kuhakiki sahihi za kidijitali), maana ukihakiki kwa orodha ambayo hujui katoka nayo nani hujahakiki kitu.

Jumapili, 9 Machi: bando limeliwa usiku

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote hadi leo. Jana usiku niliwasha nodi kwa kuandika bitcoind -daemon, nikaona imekubali, nikaacha hotspoti imewashwa nikalala. Asubuhi bando la 15,000 nililonunua jana mchana limeisha lote. Nikapiga bitcoin-cli getblockchaininfo nikaona mstari unaosema "chain": "main". Yaani usiku mzima ilikuwa inavuta historia ya mtandao mkuu kuanzia bloku ya kwanza ya Januari 2009, na historia hiyo nzima sasa ni zaidi ya GB 600, ambazo hata SSD yangu haiwezi kuzibeba.

Nodi usipomwambia unataka mtandao gani yeye anachukua mkuu. Na kukumbuka kuandika -regtest kila mara haitoshi, siku moja utasahau. Dawa ni kuliandika kwenye faili la ~/.bitcoin/bitcoin.conf ili hata ukisahau liko:

regtest=1
server=1

Kilichovutwa usiku nimekifuta kwa kuondoa folda za blocks na chainstate tu. Usifute ~/.bitcoin nzima kwa hasira, siku ukiwa na pochi humo utaondoka nayo.

Kosa dogo la pili siku hiyohiyo, nilitaka kubadilisha rpcport (namba ya mlango ambao nodi inapokelea amri) nikaiandika hapo juu pamoja na mengine, nodi ikagoma kuwaka kabisa. Mipangilio ya aina hiyo kama rpcport, port, wallet, ukiwa nje ya mtandao mkuu lazima ikae chini ya kichwa cha [regtest] ndani ya faili. Mwishowe nimeitoa, 18443 inayokuja yenyewe inanitosha.

Tangu leo kabla ya kufanya chochote natazama kwanza getblockchaininfo inasema regtest, na hotspoti nazima. Nodi hii haihitaji intaneti, inakimbia hata bando likiwa sifuri, na kwa sisi tunaonunua bando la kila siku hiyo ni faida kubwa.

Jumatano, 12 Machi: nimechimba halafu salio sifuri

Pochi ya kwanza nimeiita chimbo. Matoleo ya zamani yalikuwa yanakutengenezea pochi moja kwa moja, tangu toleo la 0.21 unaitengeneza mwenyewe:

bitcoin-cli createwallet chimbo
bitcoin-cli getnewaddress

Anwani ikatoka inaanza na bcrt1, hiyo ndo alama ya regtest, ukiona inaanza na bc1 simama hapohapo uko mtandao mkuu. Nikachimba bloku moja kwenda kwenye anwani hiyo kwa generatetoaddress, bloku ikatoka, salio 0. Nikachimba tena, 0. Nikazima nikawasha nikafungua pochi upya kwa loadwallet, 0. Saa nzima nabadilisha mipangilio ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kumbe zawadi ya kuchimba haitumiki mpaka juu yake ziongezeke bloku 100. Ukipiga getbalances badala ya getbalance utaiona imekaa kwenye fungu la immature, hela ipo ila haijakomaa. Ndio maana maelekezo yote yanasema chimba 101, nilikuwa naiona hiyo namba kila mahali nadhani ni mazoea ya watu tu:

bitcoin-cli generatetoaddress 101 bcrt1...

Sarafu zikaonekana, 50 kwa kila bloku iliyokomaa. Kingine, kwenye regtest zawadi inapungua nusu kila bloku 150, wakati mtandao mkuu ni kila bloku 210,000, kwa hiyo usichimbe maelfu ukidhani utatajirika, ukivuka 150 unapewa 25, ukivuka 300 unapewa 12.5 na kuendelea kushuka.

Kutuma nako kukagoma. Nodi inakadiria ada kwa kuangalia miamala ya wengine, na huku hakuna wengine, hivyo inashindwa kukadiria na kukataa. Ongeza mstari huu kwenye bitcoin.conf, zima washa, fungua pochi, inatuma:

fallbackfee=0.0002

Jumamosi, 15 Machi: umeme, halafu saa

Masika imeanza. Jana jioni mvua ilishuka kutoka mlimani na umeme ukaenda nayo, desktop haina betri ikazima katikati ya kazi. Leo nawasha, nodi inakataa, inasema hifadhi ya bloku ina bloku inayoonekana imetoka wakati ujao, na inazungumzia kujenga hifadhi upya.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika -reindex, amri ya kujenga hifadhi upya. Kilichonizuia ni kusoma ule ujumbe hadi mwisho, unasema hali hiyo inaweza kutokana na tarehe ya kompyuta yako kuwa na makosa na usijenge upya mpaka uwe na uhakika nayo. Nikaandika date, nikakuta tarehe imerudi nyuma miezi kadhaa. Betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa, umeme ukikatika mashine inasahau siku, na kwa kuwa hotspoti nilizima haikuwa na mahali pa kuuliza saa. Bloku nilizochimba Jumatano kwake zikawa za kesho kutwa ambayo haijafika.

Nimerekebisha tarehe kwa mkono nodi ikawaka bila kupoteza kitu. Halafu nimeenda kwa fundi saa karibu na soko la Mbuyuni nikanunua betri ya CR2032 kwa 2,000, nikaibana mahali pake kwa kidole, basi. Shilingi 2,000 imeondoa shida ambayo kama ningeshika tu kwamba hifadhi imeharibika ningeizunguka siku nzima.

Baada ya kuwaka ikasema tena hakuna pochi iliyofunguliwa. Haijapotea, pochi iliyotengenezwa kwa createwallet kama nilivyofanya haifunguki yenyewe nodi ikiwashwa upya mpaka uiambie. Unapiga bitcoin-cli loadwallet chimbo true, hiyo true ya mwisho inamwambia aifungue kila anapowaka.

Jumapili, 23 Machi: pochi tatu na sanduku

Wiki nzima kazini, leo ndo nimerudi. Nimetengeneza pochi tatu, mwenyekiti, katibu na hazina, kila moja ina ufunguo wake wa siri. Sanduku lenyewe ni pochi ya nne inayoitwa kikoba, hii haina ufunguo wa siri hata mmoja, inatazama tu:

bitcoin-cli -named createwallet wallet_name=kikoba disable_private_keys=true blank=true

Nilipoteza muda kwa maelekezo ya zamani yanayosema toa ufunguo kwa dumpprivkey. Ilikataa, ikasema amri hiyo ni ya pochi za mtindo wa zamani tu. Pochi za siku hizi ni za deskripta, yaani mstari mmoja wa maandishi unaoeleza anwani zote zinatokaje. Unaisoma kwa listdescriptors, na usipoweka true inakupa sehemu ya wazi peke yake, ambayo ndiyo tunayoitaka. Kwenye mstari unaoanza na wpkh na kuishia na /0/* chukua kilichomo ndani ya mabano, kuanzia ile alama ya utambulisho hadi mwisho wa tpub (ufunguo wa wazi ambao funguo nyingine za wazi zinatokana nao). Kwenye mtandao mkuu ingekuwa xpub, huku ni tpub.

Ukishazipata tatu unazipanga hivi:

wsh(sortedmulti(2,[...]tpub.../0/*,[...]tpub.../0/*,[...]tpub.../0/*))

Hiyo 2 ndiyo jibu la msiba wa Rombo.

Sasa makosa. La kwanza, nodi za pochi nyingi zinataka useme unaongea na pochi ipi kila amri, kwa -rpcwallet=jina, la sivyo inakataa. Nimejitengenezea alias (vifupisho vya amri) nne kwenye .bashrc, mw, ka, ha na sa, vidole vimepumzika. La pili lilinikalisha hadi saa sita usiku. Kwenye njia za funguo kuna hatua zinazoandikwa 84' kwa alama ya mkato, na mwongozo niliokuwa nafuata uliandika hivyo, ukiiweka ndani ya amri iliyofungwa kwa alama hizohizo terminali inadhani sentensi imeishia pale na inakukatia maandishi katikati. Nikabadilisha zote kuwa 84h, ambayo maana yake ni ileile, ikakubali kusoma ila ikakataa namba ya uhakiki ya mwisho. Namba hiyo inakokotolewa kwa maandishi yenyewe herufi kwa herufi, ukibadili herufi moja nayo inabadilika. Mpe maandishi mapya getdescriptorinfo, chukua sehemu ya checksum, bandika baada ya alama ya #. Hapo importdescriptors ikapita.

La tatu, niliingiza deskripta moja tu ya kupokelea. Kupokea sawa, nilipojaribu kutoa ikasema inahitaji anwani ya chenji na haiwezi kuitengeneza. Unaingiza mbili, ya pili inaishia /1/* na unaiwekea internal kuwa true, zote mbili active.

Saa saba kasoro usiku sarafu 10 zimetoka chimbo zikaingia kikoba, nikachimba bloku 6 juu yake.

Alhamisi, 27 Machi: funguo mbili

Leo nilimwomba mama aje na mama mwenyekiti wa kikoba chao baada ya mkutano, nataka waone wenye sanduku lao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, haya tuonyeshe hilo sanduku."

Kutoa hela kunaenda kwa hatua. Pochi ya kikoba inaandika muamala usio na sahihi kwa walletcreatefundedpsbt, unatoka kama kipande kirefu cha maandishi. Kila mshika ufunguo anakichukua anakisaini kwenye pochi yake kwa walletprocesspsbt. Vinaunganishwa kwa combinepsbt, vinafungwa kwa finalizepsbt, na sendrawtransaction ndo inatuma.

Nilimpa mama mwenyekiti kibodi abonyeze Enter kwenye pochi yake. Akavaa miwani, akabonyeza kwa kidole cha shahada taratibu kama anapiga muhuri. Nikapeleka kwenye finalizepsbt, ikaandika "complete": false.

"Bado limefungwa?"

"Bado mama, imetoka kufuli moja."

Mama yangu akabonyeza upande wa hazina, nikaunganisha, ikaja true, sarafu 2 zikatoka, katibu hajagusa chochote. Mama mwenyekiti akakaa kimya kidogo akitazama kioo, halafu akauliza, "Na yule wa tatu akikasirika akaondoka na ufunguo wake jumla?"

Nikamjibu palepale kwamba wawili waliobaki wanatosha. Wakashukuru wakanywa chai wakaondoka. Usiku kitandani swali likarudi, maana jibu nimelitoa kwa nadharia na sijawahi kulijaribu, na mtu aliyeuliza ameshika hela za watu 30.

Jumamosi, 5 Aprili: nimefuta makusudi

Asubuhi nimechimba bloku 20 nyingine kwa jaribio dogo la ada, halafu nikasimamisha nodi kwa bitcoin-cli stop na kunakili folda yote ya regtest kwenye flashi. Hii nakala ndiyo iliyoniokoa leo.

Jaribio ni hili, katibu ameondoka na pochi yake, na kompyuta yenye pochi ya kikoba imeungua. Nimefuta zote mbili. Nimebaki na mwenyekiti na hazina, funguo mbili za siri zilizo kamili, na sheria inasema mbili zinatosha.

Sikuweza kufungua. Nimehangaika kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri. Hela naiona kwenye mnyororo, najua anwani yake, nina funguo mbili mkononi, na haitoki. Sababu ni kwamba anwani ya aina hii ni alama ya SHA-256 (muhtasari wa hesabu usioweza kurudishwa nyuma) ya mkataba mzima, yaani ile sheria ya funguo mbili kati ya tatu, na ndani ya mkataba mna funguo za wazi zote tatu, siku ya kutoa lazima uuonyeshe mkataba wote kama ulivyo. Tpub ya katibu imeondoka na katibu, kwa hiyo mkataba siwezi kuuandika tena, na sahihi mbili hazina pa kukaa. Kwa sanduku la chuma ungeita fundi akate kufuli. Huku hakuna wa kumwita.

Kwa hiyo nilimwambia mama mwenyekiti jambo ambalo ni kweli nusu. Wawili wanatosha kusaini, endapo maandishi ya deskripta yenye funguo za wazi zote tatu yapo salama mahali.

Nikarudisha kutoka kwenye flashi, nikatoa deskripta zote mbili za kikoba pamoja na namba zake za uhakiki, nikazichapa steshenari nakala tatu, 1,500 zote. Halafu nikafuta upya vilevile katibu na kikoba, nikaanza kujenga kutoka kwenye karatasi. Kuandika mstari mrefu vile kwa mkono ni kazi, nilikosea herufi moja na namba ya uhakiki ikanikamata palepale, hapo nikaipenda.

Ikakubali, salio 0. Hapo nilitetemeka kweli, japo ni sarafu za mazoezi. Tatizo lilikuwa timestamp, nilikuwa nimeandika "now" kama nilivyozoea kwa pochi mpya, maana yake usiangalie nyuma, na hela iliingia wiki mbili zilizopita, juu yake kuna bloku 20 za asubuhi. Kwa pochi unayoirudisha unaandika 0 ili aangalie mnyororo wote. Kama umeshakosea, rescanblockchain inatosha, kwenye regtest ni sekunde mbili. Sarafu 8 kasoro ada zikarudi. Nikasaini kwa mwenyekiti na hazina, complete true, imetoka.

Kila mshika ufunguo anakaa na karatasi yake. Karatasi hiyo haimpi mtu uwezo wa kutoa hela ila inamwonyesha salio na miamala yote, kwa hiyo si ya kubandika ukutani.

Jioni nimepita Majengo kumwambia mama mwenyekiti kwamba jibu la siku ile halikuwa kamili, nikamweleza la karatasi. Akasema hata wao daftari la kikoba halilali kwenye nyumba moja na sanduku.

Jumapili, 6 Aprili: gharama hadi hapa

SSD 70,000, bando lililoliwa 15,000, mabando ya kawaida ya kudanlodi na kusoma kama 9,000, betri 2,000, kuchapa 1,500. Jumla 97,500, luku sijahesabu. Ukifuata haya bila kosa la bando na kama una diski tayari, unaweza kumaliza chini ya 15,000.

Kinachofuata ni kuiacha nodi kwenye desktop na kusaini kutoka kwenye simu mbili tofauti, maana sasa hivi pochi zote tatu zinakaa mashine moja na hiyo ni sawa na funguo tatu kwenye pete moja ya funguo. Nimeshapata simu moja ya zamani ya mdogo wangu, kioo kimepasuka ila inawaka. Ya pili natafuta.